Nani Humwamulia Ng'ombe? Kutoka Njoro Hadi Devon na Kurudi

Vijana wanaosomea udaktari wa mifugo Egerton na Kabete wakinipata, swali huwa ni lile lile: huko Ulaya kunalipa? Kunalipa. Mshahara wa mwezi mmoja wa daktari wa kawaida Uingereza ulinizidi kwa mbali nikilinganisha na nilichokuwa nikiokota Njoro, na juu yake kuna gari la kazi na likizo ya malipo. Hilo tuliweke kando. Swali ninalotamani waniulize ni jingine: mnyama akiugua, ni nani mwenye neno la mwisho? Njoro ni mwenye ng'ombe na mfuko wake. Devon, kusini-magharibi ya England, kwa magonjwa fulani, ni serikali. Kwenye kliniki za mbwa na paka, mara nyingi ni bima. Daktari husimama katikati ya hao, na kazi yake hugeuka kufuatana na anayeamua, ingawa ng'ombe ni Freshian yule yule mwenye tumbo lile lile la vyumba vinne.

Kabla sijasafiri nilikuwa daktari wa pikipiki. Nilimaliza Kabete, nikasajiliwa na bodi ya madaktari wa mifugo, KVB, nikarudi nyumbani. Wateja wangu walikuwa wakulima wa Njoro, Elburgon na kule juu Mau Narok ambako baridi ya asubuhi hukufanya uombe chai kabla ya kumuuliza mtu habari ya mgonjwa. Wengi walikuwa na ng'ombe wawili watatu wa kufugia ndani, majani ya nepia ya kukata, na deni kwenye chama cha maziwa. Maabara ilikuwa mjini Nakuru na ng'ombe hakuwa na muda wa kusubiri majibu, kwa hiyo ulipima kwa kipimajoto, sikio na vidole. Ng'ombe wa ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe, unamshuku ukiwa bado langoni: anapumua kwa shida, amekataa majani, na ukimpapasa chini ya sikio unakuta tezi zimevimba zinajaa kiganja. Joto nyuzi 41. Ukiangalia ndani ya sikio, kupe wa kahawia wamejipanga.

Dawa yake, buparvakuoni, hufanya kazi vizuri ukiwahi, lakini bei yake humfanya mkulima akune kichwa. Mzee mmoja wa Mauche aliniuliza, "Daktari, na ukimdunga nusu?" Nikamwambia nusu ni kutupa pesa, heri asidungwe kabisa. Akaingia nyumbani, akakaa ndani muda mrefu mpaka nikaanza kufunga mkoba. Alipotoka alikuwa na simu sikioni, akimuuzia jirani kondoo dume. "Mdunge yote," akasema. Mimi nilikuwa nimejua ugonjwa ndani ya dakika chache. Uamuzi ulikuwa wake, ukapitia kwenye zizi la kondoo.

Edinburgh, Scotland, nilikwenda kwa ufadhili, kusomea shahada ya uzamili kwenye shule ya udaktari wa mifugo ya Royal (Dick), ambayo William Dick aliianzisha mwaka 1823. Kampasi iko Easter Bush, nje ya mji, na upepo wa vilima vile vya Pentland ungemshangaza hata mtu wa Mau Narok. Kilichonifurahisha ni kwamba nikitaja Nakuru, watu walitabasamu kwa adabu tu, lakini nikitaja Muguga, kile kituo cha utafiti wa mifugo kule Kiambu, kila mhadhiri aliinua kichwa. Muguga ndiko Walter Plowright alikotengenezea chanjo ya sotoka, tauni ya ng'ombe, ambayo baadaye ilisaidia kuumaliza ugonjwa huo, ukatangazwa umetokomezwa duniani mwaka 2011. Na ile chanjo ya ndigana kali, ya kumwambukiza ng'ombe makusudi huku ukimdunga tetrasaiklini, kiua vijasumu, ya muda mrefu, bado inaitwa kwa jina la Muguga. Nimepita pale kwa matatu tangu utotoni na sikuwahi kumsikia abiria hata mmoja akipataja kwa sababu hiyo.

Darasani sikuwa na shida. Shida ilikuja nilipotaka kufanya kazi. Sheria yao ya mwaka 1966 haimruhusu mtu asiyesajiliwa na chuo cha madaktari wa mifugo, RCVS, kufanya kazi ya udaktari wa mifugo, na digrii ya Nairobi haikusajili moja kwa moja. Lazima ufanye mtihani wao. Hapo katikati, mtu aliyeshona matumbo ya ng'ombe kwa tochi huko Elburgon anakuwa kibarua. Niliosha vizimba vya mbwa. Kisha ukaja msimu wa kondoo kuzaa, nikapata kazi ya mkunga wa zamu ya usiku kwenye shamba moja mpakani mwa Scotland na England.

Usiku mmoja kondoo alishindwa kuzaa. Niliingiza mkono, nikakuta mlango wa uzazi haujafunguka na hautafunguka. Alihitaji kupasuliwa. Nilijua namna ya kumpasua. Ningeweza kuifanya kazi hiyo nikizungumza habari nyingine. Nilimwamsha mwenye shamba, akapiga simu, akaja daktari kijana, msichana aliyeonekana amemaliza chuo juzi. Mimi nilimshika kondoo miguu. Alipasua upande wa kushoto, polepole kidogo kwa kipimo cha mtu wa Njoro lakini kwa usafi ambao sijawahi kuumudu zizini kwetu, akatoa wana-kondoo wawili, mmoja hai. Alipokuwa akishona aliniona nikifuata kila pindo la uzi kwa macho. "Wewe ni daktari," akasema. Nikamwambia ndiyo, kwetu. Hakusema pole wala nini. Aliniambia nikaombe kuwa mwangalizi kwenye kliniki yao ili nijiandae kwa mtihani, na kweli nilikwenda.

Mtihani wenyewe una maandishi na una vitendo, unapita meza hadi meza huku unatazamwa, na ada yake ni maelfu ya pauni. Usipojiandaa kwa farasi, paka na sungura, utaanguka hata kama umetibu ng'ombe wa nusu ya kaunti. Niliketi usiku nikisoma meno ya sungura, ambayo hukua maisha yake yote na asipopata nyasi za kutosha yanapinda na kumtoboa ulimi. Nyumbani sungura nilimjua kwa mchuzi. Bosi mmoja wa kliniki nilikokuwa nikiangalia aliniambia mbele ya watu kuwa madaktari wa Afrika hawajui kufikiri bila kuambiwa. Sikujibu. Nilifikiri juu ya mzee wa Mauche, na juu ya maabara iliyo mbali, nikajiuliza bosi yule angeanzia wapi bila mashine ya damu pale ukutani.

Baada ya kusajiliwa nilianzia kwenye machinjio, kama wageni wengi. Ukiingia machinjio ya Uingereza, daktari wa serikali anayesimamia nyama pengine ni Mhispania. Kazi ni kutazama wanyama wakiwa hai, kutazama viungo vyao wakishachinjwa, na kutia sahihi. England kamera ni lazima tangu 2018, kila mahali mnyama hai anapopita. Ni kazi ya heshima ila haina mgonjwa. Sikukaa sana.

Devon ndiko nilikoelewa nilichokuja kuelewa. Kusini-magharibi ya England kifua kikuu cha ng'ombe kimeota mizizi, na nusu ya maisha ya daktari wa ng'ombe huko ni kupima. Unanyoa manyoya shingoni mahali pawili, pa juu na pa chini. Unaikunja ngozi na kupima unene wake kwa kalipa, msaidizi anaandika. Pa juu unadunga tuberkulini, dawa ya kupimia kifua kikuu, ya aina ya ndege, pa chini ya aina ya ng'ombe. Unarudi baada ya saa 72, unapapasa, unapima tena. Kwa kanuni ya kawaida, uvimbe wa chini ukizidi wa juu kwa zaidi ya milimita 4, ng'ombe huyo ameshindwa, naye atachinjwa. Kundi zima linafungiwa, halitoki shambani isipokuwa kwa kibali, mpaka lipimwe tena na tena kwa nafasi ya siku 60 au zaidi na kuonekana safi.

Siku ya kusoma majibu, mkulima hasemi. Anasimama pembeni ya kizuizi cha chuma akiangalia vidole vyako. Akiona umerudia kupima mara ya pili, ameshajua. Nakumbuka mtamba mmoja mwekundu, mnene, ana mimba ya miezi saba, anakula vizuri kuliko mimi. Hakuwa na kikohozi wala homa. Nilipima, nikapima tena, nikataja namba kwa sauti. Mwenye shamba akauliza swali moja tu: kama angeweza kusubiri azae kwanza. Sikuwa na jibu la kwangu. Nilichokuwa nacho ni utaratibu, na utaratibu ulisema ng'ombe huyo atengwe siku hiyo hiyo. Kule Mauche mgonjwa alikuwa mahututi na mwenyewe akaamua aishi. Hapa mnyama alikuwa mzima machoni, mwenyewe alitaka aishi, na mimi niliyeitwa daktari nilikuwa mkono wa mtu asiyekuwepo pale zizini.

Kwa upande mwingine, mkulima yule alilipwa fidia. Hili sharti nilisisitize, maana ndilo linaloshikilia mfumo wao. Wazee wa Devon bado husimulia mwaka 2001, ugonjwa wa miguu na midomo ulipoingia Uingereza na wanyama zaidi ya milioni 6 wakauawa. Husimulia moshi wa mizoga iliyochomwa mashambani kwa sauti ya watu wanaosimulia vita. Mimi ugonjwa huo nimeuona mara nyingi hata nikachoka: ng'ombe anadondokwa na mate, anachechemea, maziwa yanashuka, mkulima anamwosha mdomo kwa maji ya magadi, wengi wanapona na wachache wanabaki wakihema juani. Kumbe tume ya Ulaya ya ugonjwa huo, EuFMD, iliyo chini ya FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, imekuwa ikiwaleta madaktari wa Ulaya mpaka Kenya waone vidonda kwa macho na kujifunza kukisia vina siku ngapi. Wenzangu waliposikia hivyo, nikageuka mwalimu wa chai ya saa nne.

Lakini waliniuliza swali gumu pia: kwa nini kwetu mkulima haripoti? Kwa sababu akiripoti, soko la mifugo linafungwa, majirani wanamnunia, na hakuna anayemletea hundi. Hata mimi ningekuwa na ng'ombe mmoja wa kuuza kabla shule hazijafunguliwa, ningefunga lango nikanyamaza. Waingereza si waaminifu kutuzidi. Wamelipwa ili waseme, na wakificha wanashtakiwa. Vitu hivyo viwili vikitenganishwa hakuna kinachofanya kazi, na hapa kwetu tumezoea kukazana na hicho cha pili pekee.

Niongeze hapa kwamba kila ng'ombe wa Uingereza ana pasipoti. Kweli, pasipoti, tangu 1996, na namba ya sikio inayolingana nayo. Nilipokuwa nikisubiri viza yangu ijibiwe niliwaonea wivu.

Kwenye kliniki ya wanyama wa nyumbani sikudumu, lakini nilifunzwa pale jambo nisilolipenda. Mbwa wawili wanaweza kuja siku moja na ugonjwa mmoja, mmoja akapasuliwa kwa sababu bima yake inalipa, mwingine akalazwa usingizi wa mwisho kwa sababu hana bima. Unamweleza mwenyewe, anatia sahihi karatasi, unamtafuta mbwa mshipa wa mguu wa mbele huku mtoto wa nyumba ile amemshika kichwa. Kisha unanawa, unamwita wa pili, naye ni wa chanjo, unatabasamu. Madaktari wa mifugo Uingereza hujiua kwa kiwango kinachozidi sana watu wa kawaida, wala si siri. Wana shirika la kuwasikiliza, Vetlife, lenye simu ya usiku na mchana. Wanafunzi wetu wanapoulizia mshahara, hili pia waulizie. Kwetu tumeumizwa na mambo mengine, lakini hatuna hata hiyo namba ya kupiga.

Watu hupenda nikisema nilirudi kwa uzalendo. Nilirudi kwa sababu mama alikuwa amezeeka na mimi nilikuwa nimechoka kutaja milimita.

Nilipoanza tena Njoro, watu walidhani nimeleta mashine. Nilileta tabia ya kuandika, na tabia ya kutaja bei na uwezekano wa kupona kabla sijafungua mkoba. Hiyo ya pili ndiyo iliyogombanisha. Wenzangu walisema ukimtajia mkulima uwezekano, atamwita mwingine anayeahidi. Wengine kweli walimwita mwingine.

Kisa cha Elburgon kitaeleza zaidi. Mama mmoja alinipigia alfajiri: ng'ombe wake amezaa jana, leo amelala hainuki. Nilipofika nilimkuta broka ameshawahi, pikapu imegeuzwa kinyumenyume hadi langoni, shemeji wa yule mama anahesabu noti. Ng'ombe alikuwa amelala kifuani, shingo imepinda kuelekea ubavuni, masikio baridi, pua kavu. Homa ya maziwa, ingawa si homa: kalsiamu ya damu imekimbilia kwenye maziwa. Nikamwambia mama, wengi wa namna hii huinuka wakipewa kalsiamu mapema, bei ni hii, na asipoinuka kufikia jioni nitakwambia ukweli. Shemeji akasema pesa ya mkononi ni pesa. Ndipo nikauliza kama kuna aliyemdunga kitu. Jirani alikuwa amemdunga penisilini jana yake, ya agroveti, "ili atoe kondo la nyuma."

Basi nikamgeukia broka, nikamwambia ng'ombe huyu hawezi kuliwa sasa, siku za dawa kutoka mwilini hazijaisha. Akacheka. "Nyama huchemshwa, daktari." Dawa ile haimalizwi na sufuria, nikamwambia, na mkaguzi wa nyama akijua, gari lako ndilo litakalolala kituoni.

Hapo mama, aliyekuwa kimya muda wote, akamwambia shemeji arudishe zile noti. "Ng'ombe ni wangu," akasema. "Daktari, anza."

Niliipasha chupa moto kwenye karai, nikapata mshipa wa shingo, nikaiachia dawa polepole huku stethoskopu iko kifuani, maana ukiharakisha moyo unasimama. Chupa ilipofika katikati, ngozi ya mapaja ikaanza kutetemeka. Akacheua. Akatoa kinyesi, na mimi na yule mama tukakitazama kwa furaha ambayo mpita njia asingeielewa. Muda mfupi baadaye aliinua makalio, akaanguka, akainua tena, akasimama. Broka alikuwa ameshaondoka. Shemeji aliniomba bei ya kalsiamu kwa ajili ya ng'ombe wake.

Devon nisingeitwa kwa hilo. Wakulima wengi wa kule huweka chupa za kalsiamu shambani na kuidunga wenyewe chini ya ngozi, kwa maelekezo ya daktari wao. Penisilini ndiyo wasiyoweza kujinunulia dukani: lazima daktari anayewajua wanyama hao aiandike, na mauzo ya viua vijasumu kwa mifugo yao yamepungua kwa zaidi ya nusu tangu 2014. Hapa kwetu mambo yamegeuzwa. Dawa ya hatari inapatikana kila kona ya soko, ile isiyo na madhara kwa mnywaji wa maziwa inamsubiri daktari. Siku hizi ninawafundisha wateja wangu wachache, wale wanaoandika, kudunga kalsiamu chini ya ngozi wakiona dalili za mwanzo. Mwenzangu mmoja amesema ninajiua njaa. Huenda.

Kwenye kila zizi ninaloingia ninaacha kadi ya manila iliyofungwa kwa waya: tarehe, dawa, siku maziwa yatakapofaa tena. Wengine huitumia kuwashia jiko. Kwenye kundi moja la akina mama wa Molo, chama kilipoanza kukataa maziwa yenye dawa, kadi hizo zikaanza kutunzwa ndani ya mifuko ya nailoni, na mmoja akawa ananipigia kunikumbusha nimesahau kutia sahihi.

Kwa anayefunga safari: chukua barua ya KVB ya kuthibitisha mwenendo wako kabla hujaondoka, maana kuitafuta ukiwa ng'ambo ni taabu, na usiache usajili wako wa hapa ufe. Weka akiba ya mtihani kando na ya nauli. Tafuta nafasi ya kufanya mazoezi na farasi na wanyama wadogo ukiwa bado Nairobi, ambako kliniki zao zipo. Kuhusu nguo za baridi, usinunue hapa. Huko kuna maduka ya hisani yanayouza mitumba, na koti langu zuri kuliko yote nililitoa hapo kwa bei ya chakula cha mchana.